Miguu na basi: pwani ya West Penwith bila gari

Mwenye gari akienda pwani ya West Penwith hufungwa na gari lake. Anaegesha, anashuka hadi ukingo wa jabali, anapiga picha, anatembea nusu saa, halafu hana budi ageuke kwa sababu gari liko nyuma. Kesho yake anaegesha mahali pengine na kufanya vilevile. Akirudi kwao ana vipande vya pwani kichwani, kila kipande na maegesho yake, na katikati hamna kitu. Mimi naamini pwani hii haijulikani kwa namna hiyo. Ni mstari mmoja unaopinda, unaopanda na kushuka, na anayeufaidi ni yule anayeuanza hapa asubuhi, akaumalizia kule jioni, akanyoosha mkono barabarani na basi likasimama.

West Penwith ni ncha ya mwisho ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, pale nchi kavu inapochongoka na kuingia Atlantiki. Kufika si kazi ngumu. Treni inaondoka stesheni ya Paddington, London, na baada ya mwendo wa saa tano na ushei inaishia Penzance, ambako reli haiendelei tena. Kituo cha mabasi kiko ubavuni mwa stesheni. Kutoka hapo mabasi huzunguka ncha nzima: St Ives upande wa kaskazini, kisha Zennor, Pendeen, St Just, Sennen, Land's End, Porthcurno, halafu kurudi Penzance kwa kupitia Newlyn. Majira ya joto kuna basi la ghorofa ambalo juu halina paa. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kote England imewekewa kikomo cha pauni 3 kwenye mabasi yaliyo katika mpango wa serikali. Miaka miwili iliyotangulia kikomo kilikuwa pauni 2. Kwa nchi ambayo karibu kila kitu cha likizo ni ghali, hiyo ni neema kubwa kwa mtu asiye na gari.

Tulikwenda wawili, mimi na dada yangu mkubwa, mwezi wa Juni. Dada ana goti ambalo halipatani na ngazi, na njia ya pwani hii ni ngazi tupu. Tungekuwa na gari, ama mimi nisingetembea, ama yeye angeshinda ndani ya gari akinisubiri. Basi lilitupatanisha. Yeye alipanda ghorofani akaenda kijiji kwa kijiji, mimi nikaenda kwa miguu chini kwenye majabali, na tukakutana kanisani, kwenye duka la chai, au kituoni. Jioni tulikuwa na habari za kupeana. Yeye aliiona pwani kwa juu na kwa mapana. Mimi niliiona kwa karibu.

Siku ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unatafuta basi la mwisho la kijiji unakotaka kumalizia. Unachagua lile linalolitangulia liwe lako, na la mwisho unaliacha liwe akiba. Kisha unarudi nyuma kwa saa: muda wa kutembea, muda wa kula, muda wa kukaa tu juu ya jiwe na kutazama, na huu wa mwisho usiukate. Kilomita zisikudanganye. Kutoka St Ives hadi Zennor ni kama kilomita 10, umbali ambao mjini ungeumaliza kwa saa mbili. Hapa weka saa nne. Na ratiba iwe ya msimu huohuo, maana ya kiangazi na ya kipupwe si moja, na Jumapili ina mambo yake.

Njia yenyewe ni kipande cha South West Coast Path, yenye urefu wa kilomita 1,014 kutoka Minehead, Somerset, hadi mdomo wa bandari ya Poole, Dorset. Anayeitembea yote hupanda jumla ya mita zipatazo 35,000, karibu sawa na kupanda Kilimanjaro mara sita kutoka usawa wa bahari. Haikufunguliwa kwa ajili ya watalii. Waliozoea kuikanyaga ni walinzi wa pwani wa karne ya 19, waliotembea usiku na mchana kuwawinda wapitisha magendo wa pombe kali, tumbaku na chai. Boti ya magendo hujificha kwenye kijighuba, na kijighuba hakionekani ila umesimama ukingoni kabisa. Basi walinzi wakapita ukingoni, kila ghuba, kila rasi, bila kukata kona. Ukishajua hilo huinung'unikii tena njia inapokupeleka nje hadi ncha ya jabali na kukurudisha ndani kwa ajili ya mita mia mbili tu za mbele. Mtu aliyeikanyaga kwanza alikuwa anachungulia kila kona, na wewe unafuata macho yake.

Kipande cha St Ives hadi Zennor ndicho nilichokipenda na ndicho kigumu kupita vyote. Mji ukiisha, lami inaisha, na njia inakuwa ya udongo mweusi katikati ya kangaga zinazofika kiunoni na vichaka vya miiba vyenye maua ya njano. Alama ni nguzo fupi ya mbao iliyochongwa tunda la mwaloni. Ukiiona unajua hujapotea. Halafu yanaanza mawe. Siyo kokoto, bali mawe makubwa, mengine yenye ukubwa wa meza, yaliyolala vyovyote, nawe unapita juu yake. Kila hatua ni uamuzi: hili limekaa imara, lile linacheza, lile limeota kuvu linateleza. Penye chemchemi wamelaza magogo au mawe bapa ya kukanyagia, na maji meusi yanapita chini yake. Huwezi kutembea huku unatazama bahari. Unasimama, unatazama, halafu unatembea. Baada ya muda mwili unazoea mwendo huo, na kuona kwako kunabadilika pia, kwa sababu kila unapotazama umesimama kweli.

Karibu na nusu ya njia kuna visiwa vidogo vya miamba vinavyoitwa The Carracks. Hapo hupumzika sili wa kijivu. Nilidhani ni mawe mpaka jiwe moja likainua kichwa. Mbele kidogo, jozi ya ndege weusi ilipita chini yangu, kati ya jabali na maji, wakipiga kelele kali za kukatika. Walipopinda niliona mdomo mwekundu na miguu myekundu. Ni jamii ya kunguru, na ndiye ndege wa nembo ya Cornwall, lakini kwa miaka mingi nembo ilibaki bila ndege: wa mwisho alikufa mwaka 1973. Mwaka 2001 walirudi wenyewe, wakivuka bahari, na mwaka uliofuata wakazaa vifaranga kwenye rasi ya Lizard. Sasa wameenea mpaka huku. Mchango mkubwa wa watu ulikuwa kurudisha ng'ombe na farasi kulisha nyasi za ukingoni, kwa sababu ndege huyu hutafuta wadudu kwenye majani mafupi.

Zennor ni nyumba chache, kanisa na mkahawa. Dada alinitangulia kwa muda mrefu. Nilimkuta ndani ya kanisa la Mtakatifu Senara, amesimama mbele ya kiti cha mbao ambacho ubao wake wa pembeni umechongwa nguva. "Njoo uone, mdogo wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ana kioo mkono mmoja na kitana mkono wa pili." Mchongo huo wanauweka karne ya 15. Hadithi ya kijiji inasema nguva alikuwa akija kanisani kumsikiliza kijana aliyeimba vizuri, na siku moja kijana akamfuata hadi kwenye ghuba ya chini na hakuonekana tena. Mbao imepauka na kulainika kwa mikono ya watu wa karne nyingi, na kifuani mwa nguva kuna mikwaruzo ya zamani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa thamani ya ghorofa ya juu ya basi. Barabara ya St Ives hadi St Just inapita katikati ya kuta za mawe, nyembamba kiasi kwamba basi likikutana na trekta lazima mmoja arudi nyuma. Ukiwa ndani ya gari dogo unaona ukuta tu. Dada, akiwa juu, aliona kilicho ng'ambo: mamia ya vijishamba visivyo na umbo moja, vimezungushiwa mawe, vikiteremka kutoka mlimani hadi kwenye majabali. Baadhi ya kuta hizo zina asili ya Zama za Shaba. Mawe yaliyotolewa shambani ili jembe lipite ndiyo yaliyojengea mpaka, na ng'ombe wanazungukwa nayo mpaka leo. Mimi niliyepita chini sikuuona mpangilio huo hata kidogo. Ilibidi siku nyingine nipande basi peke yangu, kwenda na kurudi, bila kushuka.

Kutoka Zennor hadi Pendeen njia inazidi kuwa ya upweke. Nitasema machache: Gurnard's Head ni rasi yenye kichwa kizito kilichoingia baharini, na mnara wa taa wa Pendeen, uliowashwa mwaka 1900, unaonekana saa nzima kabla hujaufikia.

Baada ya Pendeen sura ya pwani inabadilika, na kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kumpeleka mtu, ningempeleka hapa. Majani yanapungua, udongo unakuwa mwekundu na wa kijivu, na juu ya ukingo yanasimama majengo marefu ya mawe yasiyo na paa, kila moja na dohani lake. Ni nyumba za injini za mvuke. Chini yake kuna migodi ya bati na shaba nyekundu, na migodi hiyo haikuishia ufukweni.

Sababu iko kwenye mawe. Graniti ya Penwith ilipanda ikiwa moto kutoka chini ya ardhi miaka takriban milioni 275 iliyopita, ikayachoma mawe ya zamani yaliyoizunguka. Ilipopoa ilipasuka, na maji ya moto yenye madini yakapenya kwenye nyufa na kuacha bati na shaba humo. Upande wa St Just nyufa hizo zinaelekea baharini moja kwa moja. Mchimbaji aliyefuata mshipa wake alijikuta chini ya sakafu ya Atlantiki. Mgodi wa Levant ulienda zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya bahari. Wachimbaji wa Botallack, mgodi wa jirani, walisimulia kwamba siku za dhoruba waliyasikia mawe ya bahari yakibiringika juu ya vichwa vyao.

Levant ina injini ya mwaka 1840 iliyofufuliwa na wahandisi wa kujitolea, na siku za maonyesho huendeshwa kwa mvuke. Lakini kilichonishika hapo ni shimo. Kuanzia katikati ya karne ya 19 watu walishushwa na kupandishwa kwa mtambo wa ajabu: nguzo ndefu ya mbao iliyoning'inia ndani ya shimo, ikipanda na kushuka kama mita tatu na nusu kila mara. Kwenye nguzo kulikuwa na vibao vya kukanyagia, na ukutani mwa shimo vijukwaa. Unakanyaga kibao, nguzo inakupandisha, unahamia kijukwaani, nguzo inashuka, unakanyaga kibao kinachofuata. Hivyo hivyo gizani, na mshumaa kwenye kofia, mpaka juu. Tarehe 20 Oktoba 1919, wakati wa kubadilishana zamu, nguzo imejaa watu, chuma kilichoishikilia juu kilikatika. Watu 31 walikufa. Mtambo haukurudishwa tena, na mgodi ulifungwa mwaka 1930. Leo unaweza kushuka ngazi za mzunguko hadi kwenye njia ya chini ya ardhi waliyopita wachimbaji na kuchungulia mdomo wa shimo lenyewe. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga, na basi nililolichagua lilipita bila mimi. Hiyo ndiyo kazi ya basi la akiba.

Jirani yake, Geevor, uliendelea hadi mwaka 1990. Bei ya bati duniani iliporomoka Oktoba 1985, na huo ukawa mwanzo wa mwisho. Pampu zilipozimwa, maji yakajaa mashimo. Sasa ni makumbusho, na baadhi ya wanaotembeza wageni waliwahi kufanya kazi humo. Chumba cha kubadilishia nguo kimeachwa na mavazi ya kazi na kofia za wachimbaji. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mandhari ya migodi ya Cornwall na West Devon katika orodha ya urithi wa dunia.

Botallack ndiyo inayopigwa picha kuliko zote: nyumba mbili za injini zinazoitwa The Crowns, zimejengwa chini kabisa kwenye mwamba, mawimbi yakipasuka miguuni pake. Watu wengi hupiga picha na kuondoka. Nyuma yao, juu kidogo, kuna mabaki ya tanuri la aseniki. Madini ya bati hapa huja na aseniki, na ilipochomwa moshi wake ulipitishwa kwenye vyumba vilivyopindapinda mpaka sumu igande kutani kama unga mweupe. Kisha watu waliingia na kuikwangua kwa mikono, wamejipaka udongo usoni na kuziba pua kwa pamba. Ikauzwa kwa dawa za kuulia wadudu. Ukisimama katikati ya vyumba hivyo, uzuri wa The Crowns unabaki uleule, ila unaujua uligharimu nini.

Kuna onyo moja la kweli kwa kipande hiki: usiache njia. Mashimo ya zamani ni mengi, mengine yamezungushiwa ukuta wa mawe, mengine yamefunikwa na vichaka.

Cape Cornwall inafuata, rasi ya duara yenye dohani la mgodi kileleni, ambayo zamani ilidhaniwa ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya Cornwall. Wapimaji walipothibitisha kwamba Land's End imeipita kidogo, umati wote ukahamia kule. Cape Cornwall ikabaki na ukimya wake, na mwaka 1987 kampuni ya Heinz iliinunua na kulitoa eneo hilo liwe la taifa. Land's End yenyewe ina maduka, michezo ya watoto na nguzo ya kupigia picha. Mimi nilipita upande wa majabali bila kusimama kwenye maduka, na nashauri hivyohivyo, kwa sababu graniti ya hapo ni ya ajabu. Imepasuka wima na ulalo, kwa mistari iliyonyooka, mpaka inaonekana imepangwa na fundi. Ndani ya jiwe kuna vipande vyeupe vya madini virefu kama kidole, na ukipitisha kiganja juu yake vinakwaruza. Nje baharini unasimama mnara wa taa wa Longships, juu ya miamba.

Ukikunja kona ya kusini upepo unapungua na bahari inageuka rangi. Porthgwarra ni kijighuba kidogo chenye tundu lililotobolewa kwenye jabali na wachimbaji wa migodi, ili wakulima wapitishe mikokoteni kwenda kuzoa mwani wa mbolea ufukweni. Njia inaendelea hadi Minack, ukumbi wa michezo ulio wazi, uliochongwa kwenye ukingo wa jabali. Rowena Cade aliuanza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye bustani yake, akisaidiana na mtunza bustani, na onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1932. Aliendelea kubeba mchanga kutoka ufukweni na kuchora saruji kwa mkono wake hadi uzeeni.

Kisha ngazi kali zinashuka hadi Porthcurno, na hapa nataka kukaa.

Ufukwe ni mdogo, mchanga wake ni vipande vya makombe yaliyosagika, na maji ni ya kijani kibichi. Nyuma ya mchanga kuna kibanda cha mawe ambacho mtu anaweza kukipita akidhani ni stoo. Humo ndimo nyaya za telegrafu zilipotokezea kutoka baharini. Mwaka 1870 kampuni za mfanyabiashara John Pender zilimaliza kulaza waya chini ya bahari kutoka Porthcurno kupitia Gibraltar na Malta, na kwa kuunganisha na nyaya za Suez na Aden, Uingereza ikazungumza na Bombay. Ujumbe uliochukua wiki kadhaa kwa meli ukawa wa dakika. Walichagua ghuba hii kwa sababu imejificha: hakuna bandari, hakuna meli kubwa za kutia nanga na kukata waya, na mchanga wake unaufunika waya vizuri. Baadaye kituo hiki kikawa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani.

Waya haukuishia Bombay. Mwaka 1879 kampuni ndugu, Eastern and South African Telegraph, ililaza mwingine kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Kwa hiyo kuanzia mwaka huo neno lililogongwa Unguja liliweza kufika Cornwall, na la London kufika Unguja, kabla ya jua kuzama. Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia kasrini, balozi wa Uingereza aliomba kwa telegramu ruhusa ya kutumia nguvu, na jibu likaja kwa telegramu. Asubuhi ya tarehe 27 kasri likapigwa mizinga, na vita vikaisha kwa chini ya saa moja. Bila waya, jibu lingechukua wiki nyingi, na katika wiki nyingi mambo mengi hupoa.

Dada alikuwa kimya mbele ya ramani ya nyaya iliyo ukutani mwa makumbusho. Aliweka kidole Aden, akateremka taratibu. "Kwa hiyo hapa," alisema, "ndipo habari zetu zilipokuwa zinafikia." Tumepita Shangani mara nyingi, mbele ya lile jengo la zamani la simu za nje ambalo leo ni hoteli. Hatukuwahi kujiuliza upande wa pili wa waya uko wapi. Uko kwenye kijiufukwe hiki, nusu saa na ushei kwa basi kutoka Penzance.

Makumbusho yako ndani ya mahandaki yaliyochimbwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili na wachimbaji wa Cornwall, wale wale wa bati, ili mabomu yasikate mawasiliano. Wanakuonyesha jinsi makarani wa awali walivyosoma ujumbe: umeme uliofika baada ya safari ya maelfu ya kilomita ulikuwa dhaifu kiasi kwamba uliweza tu kukizungusha kidogo kioo kidogo sana, na kioo kikarusha doa la mwanga ukutani. Doa likienda kushoto ni alama moja, likienda kulia ni nyingine. Karani alikaa gizani akilifuata doa hilo kwa macho, herufi kwa herufi.

Kutoka Porthcurno hadi Mousehole njia inapita Lamorna na mnara wa taa wa Tater Du, katikati ya miti na mawe ya duara. Ni karibu na mnara huo, usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, meli ndogo ya mizigo Union Star ilisukumwa kwenye majabali baada ya injini zake kuzimika ikiwa katika safari yake ya kwanza. Upepo ulizidi kilomita 160 kwa saa. Boti ya uokoaji Solomon Browne, ya mbao, ilitoka ikiwa na wanakijiji wanane wa kujitolea. Nahodha wake, Trevelyan Richards, alimkataza kijana mmoja kupanda kwa sababu baba yake alikuwa tayari ndani; usiku kama ule hakutaka watu wawili wa nyumba moja. Ujumbe wa mwisho wa redio ulisema wamewapata watu wanne. Kisha ikawa kimya. Wote 16 walikufa, wanane wa boti na wanane wa meli, akiwemo mke wa nahodha wa meli na mabinti zake wawili. Katika muda wa siku moja tu walikuwa wamejitokeza watu wa Mousehole wa kutosha kuunda kikosi kipya. Kila mwaka tarehe hiyo taa za Krismasi za bandari huzimwa kwa saa moja. Kibanda cha boti kipo mpaka leo pale Penlee, kando ya barabara ya Newlyn, na basi la Mousehole hukipita kila siku. Shuka, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kijijini.

Newlyn yenyewe ni bandari ya wavuvi, na watu huipita haraka. Mwishoni mwa gati kuna kibanda kidogo cha kupimia maji, kando ya mnara wa taa. Kuanzia Mei 1915 hadi Aprili 1921 walipima humo usawa wa bahari kila saa, na wastani wake ukawa sifuri ya Uingereza bara. Kila kilele na kila mchirizi wa mwinuko kwenye ramani yangu ya kutembelea ulikuwa umehesabiwa kutoka kwenye gati hilo.

Ukiwa na siku moja tu, usijaribu yote. Panda basi hadi Pendeen, shuka kwa miguu hadi mnara wa taa, fuata ukingo kupitia Levant na Botallack mpaka Cape Cornwall, kisha panda St Just ukapate basi la kurudi Penzance. Ni kilomita chache, na siku itajaa. Ukiwa na ya pili, ipe Porthcurno. Na kama mwenzako hatembei, mpandishe basi St Ives kuelekea Land's End, akae ghorofani upande wa kulia. Bahari iko upande huo.